Sura ya Sita: Moto Usio na Dohani

Mkwe wangu, mzee wa Kishambaa aliyezaliwa na kukulia milimani juu ya Lushoto, aliletewa na mwanawe mkubwa, katika kipupwe cha mwaka mmoja kilichokuwa kikali kuliko vyote alivyovikumbuka, hita ya gesi yenye magurudumu manne chini na sahani tatu za udongo mbele, ambazo zikishika moto hugeuka nyekundu kama kaa lililopulizwa, na mtungi wake wa kilo 15 umefichwa mgongoni mwake ndani ya kabati la bati. Nilipokwenda kumzuru kutoka Tanga, mimi mtu wa pwani ambaye baridi ya milima hunitetemesha hata mchana kweupe, nilimkuta ameisogeza hita hiyo kando ya kitanda chake, dirisha la vioo amelifunga, na uwazi ulio chini ya mlango ameuziba kwa kanga iliyokunjwa ili joto lisimpotee. Nikamtaka radhi, kama impasavyo mtu na mkwewe, kisha nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba moto ule haufai kulala nao chumbani. Akanitazama kwa upole, akanijibu: "Mwanangu, sisi tumezaliwa kandokando ya moto. Babu yangu alilala na mafiga matatu miguuni pake mpaka alipokufa kwa uzee, na moto wake ulikuwa na moshi wa kutoa machozi. Huu wa mtungi hata moshi hauna. Utaniuaje?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo, wala adabu haikuniruhusu kubishana naye mbele ya wajukuu zake. Walakini neno lile lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa kuwa halikuwa neno la ujinga. Lilikuwa ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake, na ushahidi wa namna hiyo haujibiwi kwa kupuuzwa. Ni kweli kwamba babu yake alilala na moto, na ni kweli pia kwamba hakufa nao. Lililobaki ni kuuliza alilala nao katika nyumba ya namna gani.

Ilikuwa nyumba ya fito, udongo na nyasi, ambayo paa lake lilishuka hata likakaribia ardhi, na ambayo haikuwa na dirisha hata moja, kiasi kwamba mtu wa leo akiambiwa habari zake hudhani ilikuwa imefungika kuliko chumba chochote cha sementi. Kumbe sivyo. Moshi wa mafiga ulipanda mpaka darini, ukayapitia mahindi ya mbegu yaliyotandazwa juu ya fito, ukayakausha na kuyakinga na wadudu, kisha ukajipenyeza taratibu katika nyasi za paa zima, hata mtu aliyesimama ng'ambo ya bonde wakati wa alfajiri aliweza kuiona nyumba ikifuka kila upande kama chungu kilichofunikwa. Na kadiri moshi ulivyotoka juu, ndivyo hewa mpya ilivyovutwa kuingia chini, kwa mlango na kwa nyufa za ukuta. Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa dohani. Sisemi kwamba moshi ule haukudhuru: uliwaachia wakongwe wengi macho mekundu na kikohozi kisichopona, na akina mama waliopika ndani yake ndio waliodhurika zaidi kuliko wote. Lakini nyumba ilipumua yenyewe, mchana na usiku, na mwenyewe hakuwa na haja ya kulikumbuka jambo hilo.

Wala sisi wa pwani hatukuikosa hikima hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko lilipandishwa juu kabisa, mahali ambapo upepo wa bahari hauna wa kuuzuia, ili moshi na joto visiwaudhi waliokaa chini. Wajerumani nao, walipoutawala mji wa Lushoto na kuuita Wilhelmstal, walikuja na desturi ya meko ya ukutani na dohani ipitayo juu ya paa, kwa kuwa walitoka katika nchi ambazo baridi ilikwisha kuwafundisha watu, kwa misiba mingi, kwamba moto wa ndani lazima uwe na njia ya kutokea. Nyumba ya mkwe wangu haimo katika jamii yoyote ya hizo tatu. Ni nyumba ya matofali ya sementi, imepigwa lipu ndani na nje, ina dari ya jipsamu isiyo na upenyo, sakafu ya vigae, na madirisha ya alumini yenye kingo za mpira. Ni nyumba njema, na watoto wake walijinyima mengi ili kumjengea. Lakini haipumui mpaka mtu aifungulie; na moto ukiwashwa ndani yake bila dohani, chumba chenyewe hugeuka dohani, na aliyelala humo amelala ndani ya bomba la moshi, hata kama moshi wenyewe hauonekani.

Sasa na tuutazame moto huo wa mtungi, unakula nini na unatoa nini. Gesi tunayoinunua madukani ni propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa maji, nazo kwa asili yake hazina rangi wala harufu. Ule uvundo wa kabichi iliyooza tunaousikia mpira unapovuja hutiwa makusudi, ili pua itupe habari kabla ya moto kutupa. Kila kilo moja ya propani, ili iungue sawasawa, hudai oksijeni yote iliyomo katika takriban mita za ujazo 12 za hewa, na ikiisha kuungua huacha kilo 3 za hewa ukaa na zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika umbo la mvuke, na mvuke huo ndio unaotiririka asubuhi juu ya vioo vya madirisha na kuotesha koga katika pembe za dari, jambo ambalo watu wengi hulisingizia paa linalovuja.

Hita ya mkwe wangu, sahani zake zote tatu zikiwaka, hula kiasi cha gramu 300 za gesi kwa saa. Nilikaa na kalamu na karatasi nikafanya hesabu, na hesabu ikanitisha. Mtu mzima aliyelala hutumia oksijeni ya lita 15 hivi kwa saa. Hita ile hutumia zaidi ya lita 800. Maana yake ni kwamba mzee yule, aliyedhani amelala peke yake kwa raha, alikuwa amelala na watu zaidi ya 50 wanaopumua pamoja naye ndani ya chumba cha mita 3 kwa 4. Lau chumba hicho kingezibwa barabara, hewa yake, ambayo kwa kawaida ina oksijeni asilimia 21 kasoro kidogo, ingeshuka hadi asilimia 18 katika muda wa saa moja na dakika chache. Hakuna chumba kinachozibika kabisa, na hiyo ni rehema ya Mungu. Lakini kanga ile iliyokunjwa chini ya mlango ilikuwa inaipunguza rehema hiyo.

Moto ukipata hewa ya kutosha huwaka kwa ulimi wa rangi ya samawati, mkali na mtulivu, nayo kaboni iliyomo katika gesi hujitwalia oksijeni mbili mbili na kuwa hewa ukaa. Ukipata njaa, ulimi hurefuka, hugeuka manjano, huyumba na kuacha masizi, na kaboni, kwa kukosa, hujitwalia oksijeni moja tu. Kitu kinachozaliwa hapo huitwa kaboni monoksaidi. Hakionekani, hakinuki, hakiwashi macho wala koo, na uzito wake unakaribiana mno na uzito wa hewa, kwa hiyo hakikimbilii juu wala chini, bali huchanganyika na chumba kizima. Wala si ukosefu wa hewa chumbani peke yake uletao njaa hiyo. Vumbi la msimu mzima likijaa katika tundu za kichomeo, au buibui akitanda utando wake ndani ya kijibomba kinachoingiza hewa, hita hufa njaa hata kama dirisha li wazi; na kwa kuwa huku kwetu hita hukaa stoo tangu Septemba mpaka Juni, buibui wana nafasi ya kutosha.

Mtu wa kwanza kuueleza vyema uhusiano wa kaboni monoksaidi na damu alikuwa tabibu wa Kifaransa, Claude Bernard, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1857 alionyesha kwamba hewa hii hukalia mahali pa oksijeni ndani ya damu na kukataa kubanduka. Siku hizi tunajua kwamba hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni yenyewe. Fikiri jahazi lililokwenda kuchukua tende Basra, likapakiwa kokoto bandarini hata likajaa: jahazi li zima, nahodha yu mzima, tanga limetunga upepo, lakini watu wanaolingojea nyumbani watalala njaa. Ndivyo damu ya mtu huyo inavyozunguka mwilini, imejaa na haina kitu.

Mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, alipeleka uchunguzi huo mbali zaidi. Alishuka katika migodi ya makaa ya mawe baada ya miripuko, akaichunguza miili ya wachimbaji, na katika taarifa aliyoitoa mwaka 1896 akathibitisha kwamba wengi wao hawakuuawa na mripuko bali na hewa hii iliyofuata baada yake. Kabla ya hapo alikuwa ameivuta mwenyewe kwa kipimo, huku akiandika kila dakika anavyojisikia, mpaka miguu ikakataa kumbeba. Ni kwa shauri lake kwamba wachimbaji wa Uingereza walishuka chini na ndege wadogo katika vitundu, kwa kuwa ndege huzimia kabla ya mtu, na desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1986, vilipochukua nafasi yake vipimo vya umeme. Namheshimu sana mtu huyo. Na katika yote aliyoyaandika, lililonigusa zaidi ni hilo la miguu, kwamba mwili hulegea ilhali mtu bado anadhani ana hiari ya kuondoka.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 1902, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alilala na mkewe chumbani mwao mjini Paris, milango na madirisha yamefungwa, na moto wa makaa ya mawe ukifuka katika meko. Chumba kile kilikuwa na dohani, bali dohani ilikuwa imeziba, na hata baadaye wakatokea watu waliodai kwamba ilizibwa kwa makusudi na maadui zake. Katikati ya usiku mke aliamka akiumwa, akataka kuwaita watumishi. Mume akamzuia, akidhani ni maradhi madogo ya tumbo ambayo yangekwisha kabla ya kupambazuka. Kisha yeye mwenyewe aliinuka kitandani, akaanguka sakafuni, na asubuhi mlango ulipofunguliwa kwa nguvu alikutwa hana uhai, naye ana umri wa miaka 62. Mkewe, aliyekutwa kitandani, alipona. Hapa pana mambo mawili ambayo nimeyakuta tena na tena katika habari za misiba ya kwetu: maradhi haya hujivika vazi la chakula kibovu au la mafua, hata mtu akaona haya kuwaamsha wenzake, na yule anayetambua kwamba kuna jambo hutambua wakati miguu imekwisha kukataa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuyaonja maradhi hayo. Tulipokuwa wanafunzi, vijana wanne katika chumba kimoja cha kupanga, mwezi wa Julai, milimani kukohuko, tuliwasha seredani ya mkaa uani, tukaungoja moshi uishe na mkaa uwe mwekundu wote, kisha tukaiingiza ndani na kufunga mlango, kama walivyofanya majirani zetu wote, kwa itikadi kwamba jiko likiisha kutoa moshi limekwisha kutoa ubaya wake. Usiku wa manane mmoja wetu alitoka kwenda msalani, akaanguka kizingitini, na mlango ukabaki wazi kwa mwili wake. Tuliamka asubuhi na vichwa vinavyopasuka, tunatapika, tukawalaumu dagaa tuliowala jioni. Sikuelewa mpaka miaka mingi baadaye kwamba kijana yule alituokoa kwa kuanguka.

Na ukweli wa mkaa ni kinyume kabisa cha itikadi ile. Hewa inayoingia chini ya seredani huungua na kuwa hewa ukaa, kisha hewa ukaa hiyo, inapopanda kati ya makaa mekundu, hupokonywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksaidi. Vile vindimi vidogo vya samawati vinavyocheza juu ya mkaa uliokolea ni hewa hiyo inayoungua inapokutana na hewa mpya. Maadamu vindimi vinacheza, sehemu yake inaungua. Vikizimika, na mkaa ukabaki unafuka chini ya jivu, yote hutoka ikiwa mbichi. Basi ile saa ambayo jiko linaonekana limetulia, halina moshi wala mwali, ndiyo saa yake mbaya. Kwa hivyo kuhusu mkaa sina shauri la namna ya kuutumia chumbani, illa moja tu, kwamba usiingie kabisa, wala bakuli la maji lililowekwa kando yake halitasaidia, kwa kuwa hewa hii haiyeyuki majini kiasi cha kuleta nafuu. Hita ya gesi ni nafuu mara nyingi kuliko seredani. Nilimwambia mkwe wangu hivyo kwa insafu, ili asione kwamba naidharau zawadi ya mwanawe.

Nimewafikiria sana, nikiandika sura hii, ndugu zetu walio mbali: Wakongomani na Warundi waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha wakahamishiwa Marekani, wakafikia katika miji ambayo theluji hufunika magari. Nyumba zao zina joto la mitambo, na kwa siku nyingi za mwaka hawana haja na maneno haya. Lakini umeme ukikatika kwa dhoruba, mtu hukimbilia anachokijua. Februari 2021 baridi ililikumba jimbo la Texas, umeme ukazimika katika mamilioni ya nyumba, na watu waliingiza ndani majiko ya kuchomea nyama, wakawasha jenereta milangoni, wakakaa gereji ndani ya magari yanayonguruma ili wapate joto. Serikali ya jimbo ilihesabu baadaye vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ile, na kaboni monoksaidi ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Huko huuzwa hita ndogo za propani za namna mbili, za matumizi ya ndani na za matumizi ya nje, nazo kwa macho hufanana. Aliyenunua ile ya nje, ya kambini au ya wajenzi, kwa sababu ni rahisi au ina moto mwingi, asiilete ndani kwa hali yoyote. Jimbo la California halikubali hita zisizo na dohani majumbani hata zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ndani, na mimi naona halikukosea.

Hita njema ya ndani ina kifaa ambacho mnunuzi apaswa kukiulizia kwa jina la kazi yake, yaani kifaa cha kuizima hita oksijeni inapopungua. Ni kimwali kidogo kinachochoma ncha ya waya. Hewa ikiwa nzima kimwali huigusa ncha hiyo, na joto lake ndilo linaloishikilia vali isifunge. Oksijeni ikikaribia asilimia 18 kimwali hunyanyuka, ncha hupoa, vali hufunga, moto huzimika. Ni hikima ya ajabu kwa kitu kidogo hivyo. Ila kifaa hicho hupima oksijeni tu, wala hakipimi kaboni monoksaidi, kwa hivyo hita yenye kichomeo kichafu yaweza kumdhuru mtu huku oksijeni ingali ya kutosha. Tena katika miinuko inayopita mita 2,000, kama Limuru na Nyahururu huko Kenya, ambako hewa ni nyepesi, kifaa hicho huweza kuizima hita pasipo dosari yoyote, na nimesikia mafundi wakijisifu kwamba wanajua kukifunga ili kisisumbue. Fundi wa namna hiyo usimrudishe nyumbani kwako.

Kinachopima hewa yenyewe ni king'ora cha kaboni monoksaidi, kidude cha ukutani kinachotumia betri, ambacho hulia baada ya saa moja hadi nne ikiwa chumbani mna sehemu 70 za hewa hiyo katika milioni, na baada ya dakika 4 hadi 15 ikiwa zimefika 400. Mahali pake ni karibu na wanapolala watu, ili kiwaamshe. Kisichanganywe na king'ora cha kugundua gesi inayovuja, ambacho hufungwa chini, karibu na sakafu, kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na ikivuja hutambaa kama maji, ikajaa uvunguni mwa kitanda na kushuka ngazi kutafuta cheche. Ndiyo sababu mtungi haubadilishwi ndani ya chumba bali nje, moto wote umezimwa. Ndiyo sababu mpira na viungo vyake hupimwa kwa povu la sabuni, wala si kwa kiberiti. Na ndiyo sababu mtu akisikia ule uvundo hufunga vali ya mtungi akiweza, hufungua milango, huwatoa watoto, wala hagusi swichi ya taa, iwe kwa kuwasha au kwa kuzima.

Mengine ni ya akili ya kawaida: mapazia, vyandarua na nguo zilizoanikwa vikae mbali na hita, angalau mita moja, na mtoto asiachwe nayo peke yake. Lakini nitalisisitiza la kuacha dirisha wazi, kwa maana ndilo ambalo watu huliona upuuzi, kwamba mtu anunue joto kwa fedha kisha alifungulie njia. Hewa inayoingia ndiyo chakula cha moto, na inayotoka ndiyo moshi wake, japo hauonekani. Baridi kidogo ile inayopenya ni sehemu ya bei ya joto kama vile gesi yenyewe ilivyo. Kitabu kinachokuja na hita hutaja ukubwa wa uwazi unaotakiwa, nao ni vyema uwe mahali pawili, pa juu na pa chini. Na uwazi huo ni kwa walio macho. Anayelala huzima, hata kama dirisha li wazi.

Ikiwa limetokea la kutokea, yaani watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, wana kizunguzungu na kichefuchefu bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, basi wasitafute dawa ya mafua. Watoke wote, hata asiyejisikia vibaya, na aliyelegea abebwe. Maziwa, ambayo kwetu hupewa kila aliyekula sumu, hayana kazi hapa, kwa kuwa sumu haimo tumboni bali katika damu, na mtu aliyezimia akinyweshwa chochote aweza kukivuta mapafuni. Dawa ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa nne au tano kupunguza nusu ya sumu iliyobeba. Kwa oksijeni safi ya hospitali, saa moja na kitu. Na mwenye kumpeleka mgonjwa amwambie tabibu waziwazi kwamba kulikuwa na moto chumbani, kwa maana kile kifaa cha kubana kidoleni hakiwezi kuitofautisha kaboni monoksaidi na oksijeni, na huandika kwamba damu imeshiba ilhali inakufa njaa. Mama mja mzito apelekwe hata akijiona mzima, kwa sababu mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi yake. Wapo pia wanaopona siku ile, kisha baada ya wiki kadhaa wakaanza kusahau majina na kupotea njia, nao warudishwe.

Hayo yote sikumwambia mkwe wangu siku moja. Nilimwambia kwanza ile hesabu ya watu 50, na hiyo ndiyo iliyomfikia, kwa kuwa alicheka, akanyamaza, kisha akauliza: "Hao wote wanaingilia wapi?" Nikamwonyesha kanga chini ya mlango. Hakunijibu kitu, nami sikuendelea. Nilipozuru tena kipupwe kilichofuata, niliikuta hita sebuleni, dirisha la juu limeachwa wazi vidole vinne na mlango wa uani umeegeshwa, na nyumba nzima imekusanyika mbele yake tangu Magharibi. Baada ya sala ya Isha mzee aliinama mwenyewe akafunga vali ya mtungi, akasikiliza kidogo, akaisukuma hita kwa magurudumu yake mpaka ukutani. Mjukuu wake mmoja akamletea chupa ya maji ya moto ya kulalia, imefungwa kwa kanga ileile.